Diski Sita Katika Sahani Moja

Bunia, Mudzipela, 3 Februari 2025

Mdogo wangu Fabien,

Pokea salamu zetu zote. Uko mzima? Unakula vizuri huko Ulaya, au bado ni mkate asubuhi na mkate jioni? Siye huku tuko. Vumbi la kiangazi limetuingia mpaka kwenye meno, lakini tunapumua. Watoto hawajambo, mume wangu anakohoa kidogo tu.

Tangu Agosti hujaniandikia hata mstari mmoja. Jumapili unampigia Mama, mnacheka nusu saa nzima, halafu mimi naletewa "msalimie Yaya". Salamu hizo huwa zinanifikia zimeshapoa. Mimi dada yako mkubwa niliyekusimamisha juu ya kiti ukiwa na miaka kumi ili uchungulie darubini ya hospitali, leo napewa makombo. Sawa.

Sikuandikii kukugombeza. Nina habari na nina swali.

Habari ni ya Mama. Unajua kuwa pikipiki ilimwangusha Desemba kwenye mteremko wa Kasenyi, yeye na gunia lake la makayabo, samaki wa chumvi, na kwamba walimwekea chuma kwenye mfupa wa mguu. Usichojua, kwa sababu yeye mwenyewe alitukataza kukuambia, ni kwamba kidonda hakijafunga. Kinatoa usaha tangu Krismasi. Wamemchoma sindano za ceftriaxone wiki baada ya wiki, na kidonda kinazitazama tu. Leo asubuhi Daktari Stéphane, yule anayepasua, amesema kama hakuna mabadiliko hadi Ijumaa ya tarehe 14, atakata chini ya goti. Unamjua Mama. Samaki wake hawauzi akiwa ameketi. Anawabeba kichwani mtaa kwa mtaa, na anajua kila mlango wa Mudzipela. Ukimkatia mguu unamkatia na watu.

Sasa swali. Usaha nilichukua mwenyewe nikaupeleka kwenye maabara yangu. Imebaki sahani moja tu ya kuoteshea vijidudu, kwa sababu unga wa kutengenezea nyingine umekwama njiani tangu Januari. Sahani zetu ni ndogo. Zinabeba diski nne, vile vikaratasi vya duara vyenye dawa, na kila kimoja kinatakiwa kikae mbali na mwenzake. Mimi niliweka sita. Nilijua kabisa kuwa ninakosea. Mwanafunzi angefanya hivyo ningemtoa nje. Lakini alikuwa Mama, sahani ilikuwa moja, na nilitaka kuuliza kila dawa iliyopo. Nikazibananisha.

Kesho yake nikafungua. Kijidudu kimeota hadi kugusa ampicillin, kama vile haipo. Kwa ceftriaxone kimeacha duara dogo, halifai kitu. Kwa amoxi-clav, dogo vilevile. Ila katikati ya hizo mbili, pale nilipozisogeza karibu mno, kijidudu kimekufa. Duara la ceftriaxone limejivuta upande mmoja kuelekea jirani yake, limekuwa na umbo la kizibo cha chupa. Dawa mbili ambazo kila moja peke yake imeshindwa, na kati yao kuna uwanja mtupu.

Nimeitazama hiyo sahani hadi shingo imeniuma. Nimeharibu kazi, au sahani inanieleza jambo? Picha hiyo hapo. Nijibu upesi, na Mama usimwambie kuwa nimekuambia.

Yaya wako,
Anastasie


Liège, 4 Februari 2025

Yaya mpendwa,

Shikamoo, na poleni nyote. Mimi ni mzima wa mwili. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye ngazi za maabara na sikuweza kupanda wala kushuka.

Kwanza, nina hasira. Jumapili Mama aliniambia mguu "unaendelea", nami nikacheka naye kuhusu jogoo wa jirani. Hasira hiyo nitaishughulikia baadaye.

Pili: usiitupe hiyo sahani! Iweke kwenye friji, andika tarehe. Hukuharibu kitu. Kuna watu wanaosogeza diski hizo makusudi ili waone umbo hilohilo, na kwa Kifaransa wanaliita kizibo cha shampeni. Wewe umelipata kwa ubishi.

Maana yake ni kwamba kijidudu cha Mama kinatengeneza kimeng'enya kinachokata dawa. Hizi zote, ampicillin, ceftriaxone na ndugu zao, zina pete ndogo ya pembe nne iliyokazwa sana. Pete hiyo ndiyo inayoua vijidudu, kwa kuvizuia kujenga ukuta wao. Kimeng'enya kinaifungua pete, dawa inabaki jina tu. Ila ndani ya amoxi-clav kuna kitu cha pili, asidi ya klavulani, ambacho chenyewe kinaua kidogo sana. Kazi yake ni kukizuia kimeng'enya. Pale katikati kilizuiwa, ndiyo maana ceftriaxone ikapata nafasi ya kuua.

Yaya, hicho kimeng'enya, au ndugu yake wa karibu, ndicho ninachokichora kwenye kompyuta tangu nifike hapa. Miaka minne. Najua kila kona yake. Sijawahi kumwona mtu aliyelala kitandani kwa sababu yake, na wa kwanza ni Mama.

Rudia jaribio ukipata sahani. Kati ya diski na diski, sentimita mbili hadi tatu, pima kutoka katikati. Na uniambie diski ya amikasini ilisemaje. Kwenye picha kidole chako kimeifunika.

Mdogo wako,
Fabien


Bunia, 8 Februari 2025

Fabien wangu,

Salamu tena. Mama ameshinda na homa jana, leo imepungua. Anauliza kwa nini unampigia siku za kazi. Nimemwambia umemkumbuka. Amesema, "Huyu mutoto anadanganyaka mubaya sawa baba yake." Basi jua kwamba ameshakujua.

Nimeazima sahani mbili kwa Dorcas, mwenzangu wa kituo cha misheni. Nimerudia kwa senti mbili, na nyingine kwa tatu. Kizibo kimetokea kwenye zote mbili. Na kidole changu kilikuwa kimefunika habari njema: amikasini ina duara pana na safi, kijidudu hakisogei.

Nilimpelekea Daktari Stéphane ile sahani ya kwanza. Akaishika juu, akaangalia diski zilivyobanana, akacheka kwa pua. "Maman Anastasie, hii umeharibisha. Disque zimekaribiana sana."

"Docteur, najua. Lakini angalia hapa katikati."

"Mimi niangalie kosa?"

"Angalia kwanza, njo uniambie kama ni kosa."

Hakuangalia. Alikuwa anaitwa chumba cha upasuaji. Nimemwandalia hizi mbili mpya na nitamngoja mlangoni kama mdai.

Sasa nijibu haya, kwa sababu umenitia njaa.

La kwanza. Kimeng'enya hicho kina umbo gani? Unasema unakichora. Mimi naona usaha, naona nukta, naona duara. Wewe unaona nini?

La pili. Asidi ya klavulani inakizuiaje? Inakiua? Inakifukuza?

La tatu. Kama pale katikati dawa mbili zimesaidiana, kwa nini tusimpe Mama zote mbili kwa pamoja tukamaliza mambo?

La nne linaniumiza. Unakumbuka tulipokuwa wadogo, mmoja wetu akiugua Mama ananunua vile vidonge vyekundu na vyeusi vya ampicillin, rouge-et-noir, halafu anatupanga mstari na kumpa kila mtoto kimoja ili pasiwe na wa kuonewa? Mgonjwa vidonge vitatu, wazima kimoja kimoja. Ni sisi tuliokifundisha hiki kijidudu?

Yaya wako


Liège, 9 Februari 2025

Yaya,

Habari za nyumbani? Nimefurahi homa imeshuka. Nimekaa tangu asubuhi nakuandikia, na kahawa yangu imepoa.

Umbo. Ni uzi mrefu wa vipande zaidi ya mia mbili na sitini, uliojikunja wenyewe hadi ukawa donge lenye nusu mbili. Kati ya nusu hizo kuna mfereji. Dawa inaingia humo, inakaa vizuri kabisa, na chini ya mfereji kuna kipande kimoja kinachoitwa serini. Hicho ndicho kinachoishika pete na kuivunja. Kwa kitambo dawa inabaki imenasa, halafu molekuli moja ya maji inapenya na kuikata kutoka kwenye serini. Dawa iliyovunjika inatoka. Kimeng'enya kiko tayari kwa nyingine. Kimoja kinaweza kuvunja nyingi kabla wewe hujamaliza kupiga chafya.

Klavulani haikiui wala haikifukuzi. Nayo ina pete ya pembe nne, kwa hiyo kimeng'enya kinaidhania kuwa chakula chake cha kawaida. Kinaivunja. Ila ikishavunjika inajipinda mle ndani na kung'ang'ania, na maji hayawezi kuikata upesi. Kimeng'enya kimeng'ata kitu ambacho hakitemeki. Nilipoliona hilo mara ya kwanza nilicheka peke yangu, watu wakanigeukia.

Kwa nini tusimpe Mama zote mbili? Kwa sababu kwenye sahani dawa zimekaa kimya bega kwa bega, na kijidudu kimetandazwa mbele yao. Kwenye mfupa wenye usaha mambo hayako hivyo. Sitaki tujaribu bahati kwenye mguu wake. Lakini amikasini haina ile pete kabisa. Kimeng'enya hakina cha kuvunja pale. Kwa hiyo naona ni hiyo, pamoja na kusafisha mfupa vizuri. Kuna nyingine, meropenem, ambayo ni salama zaidi kwake. Ulizia mjini.

Vidonge vya rouge-et-noir: hapana, Yaya. Havikutuletea afya, lakini hicho kijidudu huenda amekipata kitandani hospitalini au popote. Aina hii iko duniani kote, mpaka hapa Liège. Usimwambie Mama kamwe kwamba ulifikiri hivyo.

Sasa baya. Amikasini inaweza kuharibu figo, na inaweza kuharibu masikio. Figo utazipima kwa damu. Masikio ni yeye tu anayeweza kutuambia: akisikia mlio, kengele, chochote, dawa isimamishwe siku hiyohiyo. Yaliyoharibika hayarudi.

Na kwa kuwa umeniuliza mengi, nikuambie jambo ambalo hukuuliza. Nilinyamaza tangu Agosti kwa aibu. Nilibuni molekuli ya kuziba ule mfereji vizuri kuliko klavulani. Kwenye kompyuta ilikaa kama imezaliwa humo. Walipoitengeneza na kuijaribu kwenye bomba la majaribio, haikuzuia kitu. Miaka minne, sifuri. Nilikuwa nimeanza kutafuta kazi ya kupanga bidhaa dukani.

Fabien


Bunia, 12 Februari 2025

Fabien,

Salamu kutoka kwa watu wenye usingizi machoni. Tumeanza jana.

Daktari nilimkamata mlangoni kama nilivyoapa. Nikazishika sahani mbili juu, senti mbili na senti tatu, nikamwambia mdogo wangu anayekichora kijidudu hiki Ulaya anasema tuangalie katikati. Aliangalia. Akaziinua kwenye dirisha, akaziteremsha, akaziinua tena. Kisha akasema, taratibu, "Wiki sita niko namupa dawa yenye ilikuwa inakatwa." Na akaniomba radhi, mbele ya wauguzi. Nimeshaacha kumsema vibaya.

Meropenem haipo Bunia. Mfamasia mmoja anasema itatoka Kampala, hajui lini, na Ijumaa haingoji. Amikasini ipo.

Nilimweleza Mama mwenyewe, sikumficha. Nikamwambia: Mama, dawa hii inaweza kuokoa mguu, na inaweza kuchukua masikio. Alikuwa anasuka nywele za mgonjwa wa kitanda cha pili. Hakuacha kusuka. Akaniambia, "Nilisikia mambo mingi kwa hii dunia. Vita nilisikia, kilio nilisikia, na ya baba yenu, hiyo njo sisemi. Sasa nataka kutembea. Munichome."

Basi Daktari akamfungua tena, akasafisha mfupa, akatoa chuma, akafunga plasta yenye dirisha ili tuone kidonda. Ijumaa ya kukata imeahirishwa. Hajaifuta, ameiahirisha. Kila asubuhi nitamuuliza Mama: unasikia mlio? Leo amesema hapana.

Na kuhusu molekuli yako. Umeuliza kwa nini haikuzuia, au umelia tu? Mimi nilipobananisha diski sita nilitaka kutupa sahani kwa aibu, nikaitazama kwanza. Itazame yako. Mambo ya kupanga bidhaa dukani sitaki kuyasikia tena.

Yaya


Liège, 20 Februari 2025

Yaya, siku nane bila neno. Kidonda kinasemaje? Jana simu ya Mama iliita haikupokelewa. Nijibu hata kwa neno moja.

Fabien


Liège, 26 Februari 2025

Yaya Anastasie,

Nimepiga mara kumi na moja. Wamekata? Niambie tu kama wamekata. Nitavumilia zaidi kulijua kuliko huku kutojua.

Nimeitazama molekuli yangu kama ulivyosema, kwa sababu sina kingine cha kufanya na mikono. Nilikuwa nakichora kimeng'enya kikiwa kimetulia. Kumbe hakitulii. Ukingo mmoja wa ule mfereji unatikisika, na kila ukitikisika molekuli yangu inateleza nje. Sikuwa nimefikiri kukiangalia kikitembea. Ni jambo dogo la aibu, lakini nimefurahi kulijua, na furaha hiyo nayo inanitia aibu maana sijui Mama yuko vipi.

Mdogo wako


Bunia, 5 Machi 2025

Fabien mdogo wangu,

Nisamehe. Mtandao ulikatika mji mzima siku sita, halafu uliporudi ni mimi niliyekuwa sina maneno. Sote tuko hai. Anza na hilo.

Mguu upo. Usaha ulikauka siku ya tisa. Nyama ya kidonda ni nyekundu, safi, inafunga kutoka chini kama inavyotakiwa. Jana Mama amesimama kwa magongo na kufika hadi kisimani na kurudi, wagonjwa wakipiga makofi. Daktari Stéphane ameipiga picha ile sahani mbaya na ameibandika ukutani ofisini kwake.

Ila Mama hasikii.

Nilikuwa namuuliza kila asubuhi, unasikia mlio? Na kila asubuhi ananiambia hapana, anatabasamu. Siku ya kumi na mbili muuguzi aliangusha beseni la chuma nyuma ya kitanda chake. Wote tuliruka. Mtoto wa kitanda cha pili alilia. Mama aliendelea kusuka.

Nikaenda mbele yake, nikamwuliza, Mama, tangu lini? Akaangalia mdomo wangu. Fabien, alikuwa anausoma mdomo wangu. Swali lilikuwa lilelile kila asubuhi, akalijua kwa umbo lake, na jibu lilikuwa tayari. Mlio ulianza siku ya saba. Alituficha siku tano, ili tusisimamishe dawa kabla kidonda hakijakauka. Ndiyo maana simu hakuipokea. Aliogopa ungemgundua.

Dawa tulisimamisha saa ileile. Daktari anasema kijidudu kimekwisha na mguu utapona. Masikio hayajarudi, na wewe uliniambia hayarudi.

Nilimkasirikia sana. Nilitoka nje nikapiga teke ndoo ya muuguzi. Mimi ndiye niliyepima, mimi ndiye niliyeuliza, na nilitazama sahani kuliko nilivyomtazama yeye. Naandika hili na machozi yananitoka, siyo siri.

Ametaka daftari. Anaandika kwa herufi zile za masista, zimenyooka kama mpunga. Namwandikia maswali, ananijibu. Juzi amenidai nimweleze kijidudu chake tangu mwanzo, nikamchorea mfereji wako wote kurasa tatu.

Jumapili nitakupigia kwa video, mwonane.

Yaya wako,
Anastasie


Mudzipela, 16 Machi 2025

Kwa mutoto wangu Fabien,

Ni mimi mama yako mwenyewe niko naandika, Anastasie atapiga photo atume. Uko muzima? Mimi niko muzima. Mguu iko inapona vizuri na kidonda imebakia sawa kidole kimoja. Leo nilitoka kwa mulango mpaka kwa njia, nikarudi.

Jumapili yenye ilipita ulilia kwa video. Sikusikia, lakini niliona. Ulisema maneno mingi sana na yote ilinipita. Usirudilie kusema, sababu haitafika. Uandike. Mimi nitasoma yote, hata ile ya kulia.

Usikasirikie Anastasie. Ni mimi nilimudanganya, na nilimudanganya muzuri kuliko baba yenu.

Sasa kuna kitu moja nataka kuuliza, sababu yaya yako ameshindwa kunijibu. Amenichorea ile kidudu. Haiko na macho, haiko na masikio, haiko na kichwa. Sasa inajuaka namna gani kama dawa imefika?

Uniandikie kwa herufi kubwa.

Mama yako,
Madeleine